Mpaka Tupewe Jembe

Kosa langu la kwanza, nililolifanya kabla hata sijajua kwamba ninapanga safari, lilikuwa kuamini kwamba nchi yoyote waweza kuizunguka kwa kufuata mto. Mtu aliyekulia Wenje, kisha akahamia Garsen kutafuta kazi, hajui nchi ya namna nyingine. Kwetu vijiji vyote vimejipanga kandokando ya Tana. Ukimuuliza mtu jamaa yake anakaa wapi, hakwambii mashariki wala magharibi. Anakwambia juu, chini, au ng'ambo. Ukipotea vichakani unatafuta mto, na ukishauona hujapotea tena, kwa sababu ukiufuata kwa muda utasikia tu mtu akitwanga au jogoo akiwika. Kwa hiyo siku nilipofungua ukurasa wa Ethiopia katika atlasi ya shule iliyochanika jalada, nikaona mito imechorwa kwa wino wa buluu, minene, mirefu, na juu kabisa ziwa lenye jina la mto wetu, Tana, sikuona sababu ya kutafuta barabara. Niliona nimeshajua njia.

Nayakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika rafiki yangu Guyo. Nimekaa tangu hapo nikijaribu kutengeneza simu za watu, kuzifungua na kuzifunga, na mikono inakataa. Basi naandika. Nitauandika mwaka mmoja tu, ule ulioanza na kiangazi cha tisini na saba na kuishia matopeni, kwa kuwa yote niliyo nayo ya kusema juu ya Guyo, na mengi ya kusema juu yangu, yamo ndani yake.

Nilikuwa fundi wa redio. Hakuna aliyenifundisha, nilizifungua mbovu mpaka nikajua kwa nini zilikuwa mbovu. Nilipanga chumba nyuma ya hoteli ya Mama Somoe, mwanamke wa Kipini aliyeletwa Garsen na ndoa na akabaki baada ya ndoa kwisha. Chumba kilikuwa na mlango mmoja unaotazama ua, na dirisha dogo lililofungukia jikoni kwake, hivi kwamba moshi wa mahamri ulikuwa saa yangu ya kuamkia, na maneno ya jikoni yote yaliniingia nitake nisitake. Nilijua nani ameposwa, nani amekimbia, na basi gani limengoja askari wa kulisindikiza mpaka jua likachwa. Siku zile hukutoka Garsen ulipotaka. Ulitoka askari walipokuwa tayari, kwa hofu ya majambazi, mabasi yakifuatana, abiria wakinyamaza kila walipopita kichaka kikubwa. Labda ndiyo sababu nilipenda redio. Jioni, nikijaribu redio niliyoitengeneza, nilikuwa nikizungusha mawimbi mafupi polepole, na mara nyingi ilinasa muziki wa Ethiopia: mwanamke anaimba kana kwamba anapanda ngazi huku akisimama kila kidato kupumua. Sikuelewa hata neno. Nilizima taa nikasikiliza.

Ukuta uliotazamana na kitanda Mama Somoe alikuwa ameupaka chokaa kwa ajili ya Idi. Nikachukua kipande cha mkaa jikoni kwake na kuchora Ethiopia yote, toka sakafuni hadi juu ya kichwa changu. Moyale ilikaa karibu na miguu ya meza. Ziwa Tana nililichora nikiwa nimesimama juu ya kitanda. Nilichora mito kwa mistari miwili miwili, nikaweka vijiji nilivyovibuni mwenyewe kwenye kila kona ya mto, kwa sababu kwetu kwenye kila kona ya mto kuna kijiji. Kila mstari niliufuta na kuurudia. Nilikuwa mtu wa namna hiyo, na sijivunii. Redio ya mtu ikikwaruza kidogo tu siwezi kuirudisha, nitaifungua tena, na tena, mpaka mwenyewe achoke kuja kuulizia.

"Nani ameniharibia ukuta?" Mama Somoe aliuliza dirishani, mwiko mkononi, akiwa ameuona ukuta na mimi nimesimama mbele yake na vidole vyeusi.

"Ni ramani, Mama. Nataka kutembea Ethiopia."

"Uhabeshi? Kuna nini Uhabeshi?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kwenda."

"Na utarudi lini?"

"Si safari ya kukimbia. Kila mahali nitakaa."

"Nti za watu hizo, mwanangu. Utakaa kwa nani? Mgeni siku mbili, ya tatu wampe jembe." Akageukia sufuria yake. "Haya, ndoo hapa ule kwanza, mbaazi zinapoa. Uhabeshi hauna miguu, hautakimbia."

Yeye alisema kunikatisha tamaa. Mimi niliyachukua maneno yake nikayafanya kanuni ya safari. Nilikuwa nimeshawaona wazungu wachache waliopita Garsen kwenda Lamu, wakishuka, wakipiga picha, wakipanda, na niliapa sitatembea hivyo. Ningefika kijijini nikae mpaka nipewe jembe. Nikishapewa jembe, nilime nao siku kadhaa, kisha niteremke na mto mpaka kijiji kinachofuata. Niliona ndiyo safari nzuri kuliko zote alizowahi kuzipanga mtu, na bado sioni kosa lake, ukiacha lile la mto.

Guyo aliingia katika mambo haya akiwa amebeba redio. Alikuwa kijana wa Kiorma wa rika langu, mrefu, mwenye kucheka upande mmoja wa mdomo, aliyekuwa akileta ng'ombe wa baba yake sokoni Garsen. Redio ilikuwa ya baba. Niliitengeneza kwa siku chache tu, ikasema, lakini chini ya sauti kulikuwa na mkwaruzo mdogo kama mchanga ndani ya wali. Nikamwambia arudi. Akarudi. Nikamwambia arudi tena. Kila akija aliniletea maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa, yale yenye harufu ya moshi ambayo wengine hawayawezi, na tulikunywa tukiutazama ukuta.

"Baba anasema iache ikwaruze," alisema siku moja. "Yeye anataka habari, hataki kuimbiwa."

"Ikitoka hapa ikwaruze, watu watasema Komora ni fundi gani."

"Watu watasema Komora amekula redio ya mzee." Akaweka kidole juu ya ukuta. "Hapa ndiyo wapi?"

Nikamweleza. Nikampitisha toka Moyale hadi ziwani, kisha chini na ule mto mkubwa unaotoka ziwani na kuzunguka kama mkono wa mtu aliyekumbatia kitu. Alisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumweleza jambo. Nilipomaliza alikuwa na swali moja.

"Malka ziko wapi?"

Malka ni njia ya ng'ombe ya kushukia mtoni. Kwetu ndiyo neno linalowagombanisha watu, maana Mpokomo kama mimi analima kando ya mto na Mworma anapitisha ng'ombe humo humo. Nikamwambia siendi na ng'ombe, malka za nini.

"Sasa wewe unafuata mto tu, kama kambare," alisema. "Mimi mto nauendea, nakunywa, natoka. Watu wengine wako huko nilikotoka. Hao utawaona lini?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa kawaida, ule wa mfugaji kumtania mkulima. Ningemsikiliza jioni ile nisingekuwa na kisa hiki cha kuandika.

Mwishowe akasema atakuja nami. Alikuwa na sababu zake. Lugha ya mama yake, alisema, haiishii Tana. Waborana wanaielewa, na mbele yao Waoromo, mpaka huko Addis. Amesikia hivyo tangu utotoni kutoka kwa wazee lakini hajawahi kuijaribu kwa mdomo wake mwenyewe. Alitaka kufika mahali pa mbali kabisa, ambapo hakuna anayemjua baba yake, amsalimie mtu kwa Kiorma na aitikiwe. Ni hilo tu. Mimi nilikuwa na mito na vijiji na kanuni ya jembe. Yeye alikuwa na salamu moja mfukoni.

Tulikubaliana kuondoka baada ya mvua za masika. Masika yakapita, nikasema tungoje nimalize kujifunza kuandika kwao. Nilikuwa nimepata gunia tupu la maharage lililotoka Moyale, lenye maandishi ya Kihabeshi, nami nikayanakili pembeni ya ramani kila siku nikidhani ni maneno ya kufaa. Kisha nikasema tungoje mpaka redio zilizo rafuni ziishe. Redio hazikuisha, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikizizuia zisitoke. Guyo hakugombana. Alikaa kwenye kigoda changu, magoti juu, na kunitazama nikifuta na kuchora.

"Sisi tukihama," alisema mara moja, "hatungoji mvua imalize kunyesha kule. Tunaona wingu, tunakwenda. Ukingoja nyasi ziote uzione, utakuta wenzako wamezila."

"Na wingu likikudanganya?"

"Unarudi. Si una miguu?"

Niliiogopa sana hiyo sentensi. Kurudi. Nilikuwa nikiona waziwazi jinsi nitakavyoshuka kutoka kwenye basi Garsen nikiwa nimeshindwa, na Mama Somoe dirishani, na jiko zima likinyamaza ili lisinitie aibu. Sikuwahi kumwambia mtu hilo. Nilisema tu kwamba mpango haujaiva.

Mwishoni mwa mwaka mto ukaja kwetu badala ya sisi kuufuata. Wengine wanayakumbuka mafuriko yale kwa jina la El Nino. Sisi tuliyaona kwanza kama maji yasiyo na mvua. Garsen jua lilikuwa linawaka, na mto ukawa unapanda, mwekundu, ukileta magogo na mapaa ya nyumba za watu wa juu. Kisha mvua ikatufikia na sisi, ikakaa. Barabara ya Malindi ikakatika, ya Hola ikakatika, mabasi yakakoma, na mji ukabaki kisiwa cha matope kilichojaa watu na mbuzi. Watu wa kijiji cha Chara walifika kwa mitumbwi, kuku wakiwa wamefungwa miguu, wakalala kwenye veranda ya hoteli. Mchele uliisha, kisha unga, kisha sukari. Tulikula samaki asubuhi na samaki jioni, maana kambare walikuwa wakikamatwa hata kwenye mitaro, na baadaye mahindi ya msaada, yale ya manjano, ambayo Mama Somoe aliyapika kwa saa nyingi na bado yalikuwa yakigonga meno. Chumbani mwangu unyevu ulipanda ukutani kutoka chini. Kila asubuhi nilipiga magoti kutazama umefika wapi. Ulianza na Moyale.

Nakumbuka hofu yangu wakati ule na naona haya kuisema. Watu walikuwa wamepoteza nyumba, na mimi nilikuwa nikiogopa kwamba mstari wa mkaa utavimba.

Guyo alifika kwa mtumbwi. Mworma ambaye hakuwahi kukaa ndani ya mtumbwi maisha yake yote alikuja ameshika kingo zote mbili, macho yakitazama mbele tu, na Mpokomo mzee aliyekuwa akipiga kafi akimwambia, "Pumua, mwanangu, ng'ombe wenyewe huvuka." Nilipomsikia akisema hivyo nilicheka. Guyo hakucheka. Ng'ombe wao wengi walikuwa wamechukuliwa na maji usiku mmoja, na waliobaki waliingiwa na ugonjwa, wakitoka damu puani, ndama wakitoka kabla ya siku zao. Wakati anaondoka walikuwa wamebaki wachache, na baba yake alikuwa ameketi karibu nao. Guyo alilala chumbani mwangu, yeye sakafuni juu ya gunia la Moyale, kwa kuwa alikataa kitanda. Siku mbili hakutaka kula. Siku ya tatu Mama Somoe aliingia mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akaweka sahani mbele yake na kusimama pale mikono kiunoni.

"Ule. Mimi sitazika mtoto wa mtu kwa samaki aliyekataa kumla."

Akala.

Katika mji ule uliofungwa alikuwapo pia mtu mwingine aliyenaswa: Duba, Mborana wa Moyale, dereva wa lori la chumvi. Alikuwa akiipeleka chumvi bara maji yalipoikata njia, na lori lake lilisimama kwenye mwinuko karibu na kituo cha mafuta, turubai likivuja, chumvi ikiyeyuka polepole na kudondoka chini ya bodi. Mbuzi wa mji mzima walishinda pale wakilamba tairi. Duba alikuja kuniletea redio ya lori niitengeneze, na alipofungua mdomo kulalamika, kwa lafudhi ya kwao, Guyo akainua kichwa kutoka sakafuni na kumjibu kwa Kiorma.

Sijasahau nilivyokaa pale katikati yao na chuma cha kuchomelea kikiwa moto mkononi. Duba alimtazama, akarudia neno moja kama mtu anayeonja, Guyo akalirekebisha kidogo, na wote wawili wakacheka. Wakaendelea. Wakati mwingine walikwama, wakazunguka, wakafika. Sikuelewa kitu. Ilikuwa mara ya kwanza Guyo kucheka tangu afike, na salamu aliyokuwa ameibeba ilikuwa imeitikiwa, nusu ya njia, ndani ya chumba changu, na mtu wa chumvi.

Ndipo Duba alipouona ukuta. Akasimama, akaufuata kwa kidole kutoka chini.

"Hii mto nani alichora?"

"Mimi."

"Na hii nyumba ya hapa?"

"Ni vijiji. Tutateremka kijiji mpaka kijiji."

Akanigeukia kuona kama namtania. "Kijana, mimi alikaa huko miaka mbili, gereji. Huko mto iko ndani ya shimo. Shimo hivi." Akaonyesha kwa mkono wake wote, kutoka dari hadi sakafu. "Chini joto, mbu, nyani. Mtu hakuna. Watu iko juu, kwa baridi, analima huko juu. Wewe nataka kutembea na nyani?" Kisha akaona maandishi yangu pembeni, yale niliyonakili kwa miezi, na akacheka kabisa. "Na hii ni jina ya kiwanda ya gunia. Umesalimia watu na jina ya gunia."

Guyo alicheka pia, lakini alinitazama usoni na akaacha.

Maji yalipoanza kushuka Duba alikuja na habari. Njia ya Garissa itafunguka, chumvi iliyobaki haitoshi kulijaza lori, na yeye atarudi Moyale. Kuna nafasi ya watu wawili mbele. Hataki kitu, anataka watu wa kusukuma atakapokwama, na mmoja wa kuongea naye asilale. "Mkifika Moyale vuka tu," alisema. "Upande ule nina shemeji. Atakupa jembe hiyo unataka." Guyo ndiye aliyekuwa amemweleza habari ya jembe.

Tulipobaki peke yetu Guyo alisema, "Twende."

Nikamwambia mpango wote ni mbaya. Amemsikia Duba mwenyewe. Mto si njia, vijiji havipo, maandishi si maandishi. Inabidi kuanza upya, kutafuta ramani yenye milima. Anipe mwezi mmoja.

"Baba hana ng'ombe wa kunishika," alisema. "Mwezi ujao watu watatugawia ndama, huyu mmoja, yule mmoja, ndivyo tunavyofanyiana mtu akifilisika. Nitakuwa nao mkononi. Watanioza. Komora, mlango uko wazi sasa hivi tu."

"Basi nenda wewe. Lugha unayo."

Jibu lake nimetembea nalo tangu siku hiyo. "Nikienda peke yangu sasa, nimekimbia. Watu watasema Guyo alikimbia ng'ombe waliokufa, na mimi mwenyewe nitasema hivyo kila nikilala. Nikienda na wewe, ni matembezi."

Nilichukua ndoo na kitambaa, nikaanza kuufuta ukuta. Nataka nieleze vizuri, kwa sababu hata sasa naweza kuhisi kitambaa. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na ile raha ya kutisha anayoipata mtu kama mimi anapoona kazi imeharibika: raha ya kuanza upya pasipo doa. Nilifuta ziwa, nikafuta ule mto uliozunguka kama mkono, nikafuta vijiji vyangu vyote, mkaa ukiteremka na maji ya chokaa mpaka sakafuni.

"Si ungefuta mto peke yake?" Guyo aliuliza nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nchi ilikuwa nzuri. Ungefuta mto, ungeacha nchi."

Lori liliondoka asubuhi, likayumba matopeni, mbuzi wakilifuata mpaka mwisho wa nyumba. Nafasi mbili za mbele Duba aliwapa walimu waliokuwa wakienda Hola. Guyo na mimi tulisimama mbele ya hoteli, na nyuma yetu nilimsikia Mama Somoe akimwambia msichana wake wa jikoni, kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, "Wamuyuwa yule fundi? Ameshika mlango kwa mikono miwili, na anauliza kwa nini haufunguki." Siku iliyofuata Guyo alirudi kwa baba yake. Nilimpa redio ya mzee. Ilikuwa bado inakwaruza.

Ndama walikuja kama alivyosema, na mke akaja, na watoto. Tulibaki marafiki kwa miaka yote, mimi Garsen, yeye nje ya mji na ng'ombe wake waliokuwa wakiongezeka. Mimi pia nilioa, nikatoka nyuma ya hoteli, nikafungua banda langu. Kila alipokuja sokoni alichungulia mlangoni na kuuliza, "Fundi, imeiva?" Nami nilijibu, "Bado kidogo." Ulikuwa utani. Nilidhani kwake pia ulikuwa utani tu.

Siku ya tatu ya msiba nilikaa kwenye mkeka nyumbani kwake pamoja na wanaume wengine baada ya dua. Tulikula wali na nyama, tukanywa chai ya maziwa, na mazungumzo yakaanza kulegea kama yanavyolegea wakati huo. Halima, binti yake mkubwa, alikuja na birika akapiga magoti karibu yangu.

"Ami Komora," alisema, "wewe ndiye uliyetembea na Baba Ethiopia."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Alikuwa akituhadithia tukiwa wadogo, kila tulipokataa kulala. Mlianzia Moyale, mkaenda mpaka ziwani. Alisema nyinyi hamkuwa na haraka. Kila mahali mlikaa mpaka mkapewa jembe." Alikuwa akitabasamu na macho yana maji. "Hadithi ya mzee mmoja mliyemkuta kwenye kona ya mto, Baba akamsalimia kwa lugha yetu, mzee akalia. Hiyo nilikuwa nikiitaka kila siku."

Vijiji vyangu. Alikuwa amevichukua vyote, kona kwa kona, kabla sijavifuta, na kuwatia watu ndani.

Mume wa Halima, Yusufu, alikuwa ameketi upande wa pili wa sinia. Naye amefanya kazi ya malori, amefika Addis zaidi ya mara moja, na ni mtu mwema asiyejua kukaa kimya. "Hapo ndipo mimi huwa nabishana na mke wangu," alisema. "Mzee wangu, Mungu amrehemu, lakini ule mto mtu hawezi kuufuata. Uko bondeni chini kabisa. Hakuna kijiji mle. Sasa Ami yupo, tumuulize mwenyewe. Mlipitaje?"

Watu wote kwenye mkeka walinigeukia. Halima alikuwa bado ameshika birika.

Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni, na ilikuwa ya kweli: hatukwenda popote, ilikuwa mkaa ukutani, nami niliufuta. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kusema sentensi ya namna hiyo. Nilisikia kitambaa mkononi. Kisha nikasikia sauti ya Guyo nyuma yangu, ya chini vilevile, kuhusu mto na nchi.

"Yusufu anasema kweli," nikamwambia Halima. "Mto tulikosea. Kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyeshika ramani. Ilibidi tuuache, tupande juu, kwenye baridi, watu walikokuwa wakilima."

"Na yule mzee?" aliuliza.

"Huyo tulimkuta huko juu."

Yusufu alitikisa kichwa akiridhika, akamega nyama. Halima alinimiminia chai mpaka ikafika ukingoni, na hakuuliza tena.

Sijafika Ethiopia. Barabara ya kutoka Garsen sasa ni lami, na mtu huondoka asubuhi yoyote anayotaka. Hoteli ya Mama Somoe ilivunjwa zamani na ukuta wangu pamoja nayo. Wiki iliyopita nilimpigia Yusufu kumuuliza lori lake linaondoka lini tena, akaniambia, nikasema sawa, sikuuliza njia. Redio zinazoletwa kwangu siku hizi ni chache, za wazee tu. Nazirudisha zikiwa bado zinakwaruza kidogo.